Ukurasa Mezani: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Mazungumzo ya Mwandishi na Mhariri Wake kwa Jarida la Fasihi

Swali la kwanza ninalokuomba ulifute kwenye daftari lako ni hili: "Nini kilikusukuma uanze kuandika?" Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nililiuliza mara nyingi, na majibu yalifanana kama pacha. Bibi alikuwa akitutolea hadithi baada ya chakula cha usiku, mwalimu wa darasa la tano akaisifu insha yangu, basi nikapenda vitabu. Si uongo. Lakini mwandishi ameshayasema hayo redioni, ameyasema kwenye uzinduzi wa kitabu, na akija kwako atayasema tena bila kufikiri. Kijana aliyeko Kigoma, aliyekwama sura ya tatu ya riwaya yake, hatapata humo hata kijiti cha kushikilia.

Kijana huyo anataka kujua mambo mengine kabisa. Aya ile ya ufunguzi iliandikwa mara ngapi? Nani alisema yule mjomba aondolewe kwenye hadithi? Mhariri alipotaka sentensi ibadilike, mwandishi alikubali nini, akakataa nini, na kwa sababu gani? Hayo hayapatikani kwa kumuuliza mtu kuhusu maisha yake. Yanapatikana ukiweka ukurasa mezani, mwandishi upande huu na mhariri upande ule, na kidole chako juu ya mstari mmoja.

Nimeandaa mazungumzo ya namna hii kwa jarida dogo la Kiswahili kwa miaka kadhaa sasa. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayompa kila anayejiunga nasi, na nayaandika kwa urefu kwa sababu naona majarida yetu mengi bado yanachapisha mahojiano ya kusifiana wakati wasomaji wana kiu ya kuona kazi inavyofanyika.

Kwanza, fahamu kazi hii imetoka wapi

Jarida la fasihi la Kiingereza la The Paris Review lilipoanza mwaka 1953, toleo lake la kwanza lilikuwa na mazungumzo na mwandishi Mwingereza E. M. Forster kuhusu namna anavyoandika riwaya. Wahoji wa miaka ile ya mwanzo hawakuwa na kinasa sauti. Walikwenda wawili wawili, wote wakiandika majibu kwa kasi, kisha wakalinganisha daftari zao ili kupata maneno sahihi. Baadaye mwandishi alipewa maandishi ayapitie kabla ya kuchapwa. Wapo waliolaumu desturi hiyo wakisema inamruhusu mwandishi kujipamba. Mimi naiona ni sahihi kabisa, kwa sababu lengo si kumnasa mtu. Lengo ni aseme kwa usahihi jambo ambalo huenda hajawahi kulisema kwa sauti.

Mwaka 1994 jarida hilohilo lilianza mfululizo mwingine, wa wahariri, na wa kwanza alikuwa Robert Gottlieb. Larissa MacFarquhar, aliyeyaandaa mazungumzo hayo, hakutosheka na Gottlieb peke yake. Aliwafuata waandishi ambao Gottlieb alikuwa amewahariri, akina Toni Morrison, John le Carré na Joseph Heller, kila mmoja akaeleza upande wake, kisha maneno yao yakapangwa pamoja na ya Gottlieb kama watu waliokaa sebule moja. Ukipata nafasi ya kuyasoma, yasome. Ndiyo mfano bora ninaoujua wa kazi tunayoizungumzia hapa.

Kwetu pia mabishano ya waandishi jaridani si mageni. Rajat Neogy alianzisha jarida la Transition mjini Kampala mwaka 1961, na mwaka 1963 makala ya Obi Wali ndani yake iliwasha moto juu ya lugha ya fasihi ya Afrika, moto ambao haujazimika mpaka leo. Tumejadili sana tuandike kwa lugha gani. Sentensi yenyewe ya Kiswahili, namna inavyoundwa, inavyovunjwa na kuundwa upya na watu wawili, tumeijadili kidogo mno.

Hatua ya 1: Tafuta jozi iliyofanya kazi moja

Usichague mwandishi maarufu kisha umtafutie mhariri wa kumsindikiza. Chagua kazi. Iwe hadithi fupi, shairi, au sura moja ya riwaya ambayo unajua ilipita mikononi mwa mhariri ikatoka tofauti na ilivyoingia. Kazi hiyo ndiyo itakayokupa watu wako wawili.

Hadithi fupi ni rahisi zaidi kuanza nayo. Msomaji anaweza kuisoma yote katika toleo hilohilo la jarida, halafu akageuza ukurasa na kukuta mazungumzo.

Kuna jozi za kukwepa. Ikiwa mhariri ndiye anayemlipa mwandishi mshahara, au mwandishi anasubiri kitabu chake cha pili kipitishwe na mhariri huyohuyo, hutasikia ukweli, utasikia shukrani. Ikiwa wamegombana, usiwakutanishe kwa nguvu. Fuata njia ya MacFarquhar: kaa na kila mmoja peke yake, kisha wasomee yale ambayo mwenzake amesema, kwa ruhusa yake, na uchukue majibu. Nimefanya hivyo mara moja, na watu wawili waliokuwa hawasalimiani waliishia kusema jambo lilelile kuhusu aya moja.

Hatua ya 2: Omba karatasi kabla hujaomba muda

Unapowapigia simu mara ya kwanza, usiulize "mna nafasi lini?" Uliza: "Mna rasimu?" Unachotaka ni rasimu ya kwanza, rasimu yenye alama za mhariri, na toleo lililochapwa. Waombe pia barua pepe walizoandikiana, hata ujumbe wa WhatsApp, maana siku hizi nusu ya uhariri hufanyika humo, na sauti fupi za dakika mbili zina hoja kuliko barua ndefu.

Wengi watakwambia wametupa kila kitu. Usikate tamaa. Waombe watazame kwenye kompyuta ya zamani, kwenye barua walizotuma, kwa rafiki aliyesomewa hadithi ile mwanzo. Kuna mwandishi aliyeniapia kwamba hana hata ukurasa mmoja, wiki mbili baadaye akaniletea bahasha ya kaki: kurasa sita za daftari la shule, mojawapo na doa la chai lililofunika nusu ya aya. Aya ile iliyofunikwa na doa ndiyo iliyobadilika kuliko zote. Mazungumzo yetu yote yalianzia pale.

Ikishindikana kabisa, linganisha matoleo. Hadithi nyingi hutoka kwanza gazetini au jaridani, kisha zikaingia katika mkusanyiko. Weka matoleo mawili kando kwa kando, pigia mstari kila tofauti, na utakuwa na mzigo wa kutosha.

Ukizipata rasimu, toa nakala, rudisha za asili haraka, na chagua kurasa tatu tu za kuzungumzia. Ukizidisha hapo mtaogelea juujuu.

Hatua ya 3: Andaa maswali kutoka kwenye sentensi

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Soma kurasa zako tatu kwa sauti, mara ya kwanza toleo lililochapwa, mara ya pili rasimu. Ulimi hugundua mambo ambayo jicho linaruka. Kila mahali ulimi unapojikwaa au mwendo unapobadilika, weka alama ya penseli. Halafu rudi kwenye kila alama ujiulize: hapa lugha imefanya nini?

Nitakupa mfano mmoja halisi. Katika hadithi tuliyoichapisha, mwanamke anarudi nyumbani kutoka mazikoni. Rasimu ilisomeka hivi:

*Alifungua mlango. Aliwasha taa. Alikunja mkeka. Alikaa.*

Pembeni mhariri alikuwa ameandika kwa penseli herufi mbili na alama ya kuuliza: *-ka-?* Mtu yeyote aliyelelewa katika Kiswahili anajua alichotaka. Masimulizi yetu hutembea kwa -ka-: alifungua mlango, akawasha taa, akakunja mkeka, akakaa. Ndivyo tunavyosimulia tangu utotoni. Lakini katika toleo lililochapwa -li- zilibaki zote nne, na kilichobadilika ni sentensi ya tano. Mwanzo ilikuwa *Jirani alibisha hodi.* Sasa ikawa *Jirani akabisha hodi.*

Swali langu lilikuwa fupi: "Kwa nini hizi nne zimebaki na hii moja imebadilika?" Lilichukua dakika ishirini na tano. Mwandishi alieleza kwamba -ka- inafunga mnyororo, kitendo kinazaa kitendo, na mwanamke huyu ametoka kumzika mtu, hakuna kinachozaa kingine tena. Kila jambo analifanya kana kwamba limeanguka kutoka juu, peke yake. Mhariri akasema alikubali hoja hiyo siku ileile, ila akaona kwamba ikiwa -li- ni mauti, basi jirani hawezi kubisha hodi kwa -li-. Jirani ni uhai. Analeta uji. Kwa hiyo aliomba -ka- moja tu, mahali pale. Mwandishi aliipinga kwa siku tatu, siku ya nne akatuma ujumbe wa neno moja: *Sawa.*

Kiambishi cha herufi mbili kimebeba hadithi nzima, na hakuna swali la "nini kilikusukuma" ambalo lingekitoa.

Kiswahili kimejaa milango ya namna hii. Tazama upatanisho wa ngeli: mhusika anapoitwa *mtoto yule* ukurasa wa kwanza na *kitoto kile* ukurasa wa nne, nani amemdogosha, msimulizi au mhusika mwingine? Tazama *jitu lile limekaa* na *mtu yule amekaa*. Tazama mahali ambapo *mtu aliyekuja* amegeuzwa kuwa *mtu ambaye alikuja*, na usikie kama mwendo wa sentensi umepona au umeumia. Tazama neno kama *bibi*, ambalo msomaji wa Dodoma ataona nywele nyeupe na msomaji wa Kenya anaweza kumwona mke wa mtu. Mhariri alilijua hilo? Waliliacha kwa makusudi?

Andika maswali kumi, kila moja likiwa na namba ya ukurasa na mstari. Utayatumia manne au matano. Maswali mapana unaweza kuwa nayo mawili, ya akiba, iwapo mtakwama.

Soma pia kazi nyingine za mwandishi huyo, angalau vitabu viwili. Si kwa ajili ya kuonyesha umesoma. Utakapojua kwamba katika kazi zake zote hufungua sura kwa sauti na si kwa uso wa mtu, utaliona pale alipovunja desturi yake, na hapo una swali.

Hatua ya 4: Mahali, vifaa, ridhaa

Tafuta chumba chenye meza, maana karatasi zitaenea. Kwepa mgahawa: mashine ya kusaga matunda na muziki vitakula maneno yenu. Kwepa chumba chenye paa la bati bila dari wakati wa masika. Angalia saa za adhana au kengele kama mko jirani na msikiti au kanisa, mpange mapumziko hapo. Ni wakati mzuri wa chai.

Rekodi kwa vifaa viwili, siku zote. Simu mbili zinatosha. Ziweke kwenye hali ya ndege kabla hujabonyeza kitufe. Nilijifunza hili kwa uchungu: katika mazungumzo ya saa mbili, simu yangu ilipigiwa dakika ya hamsini, kurekodi kukakatika kimya kimya, na sikujua mpaka nilipofika nyumbani. Dakika sabini zilipotea. Nilimrudia yule mzee kuomba tuzungumze tena, akanikubalia kwa wema, lakini yale aliyoyasema mara ya kwanza hayakurudi. Aliyakumbuka kama hoja. Mara ya kwanza alikuwa akiyagundua.

Anza kurekodi kwa ridhaa: kila mmoja ataje jina lake, tarehe, na kwamba anakubali kurekodiwa kwa ajili ya jarida. Waeleze kwamba watapata maandishi kabla ya kuchapwa. Wape nauli. Ni haki yao, na haihitaji kusubiri waombe.

Hatua ya 5: Mazungumzo yenyewe

Anza kwa kusoma. Mwombe mwandishi asome ukurasa wa kwanza kwa sauti, toleo lililochapwa. Kisha mwombe mhariri asome rasimu ya ukurasa huohuo. Baada ya hapo huhitaji maneno ya kufungulia; mara nyingi mmoja wao tayari ameshasema "subiri, hapa…"

Ukae kimya kuliko unavyodhani inafaa. Sisi tumelelewa kutomwachia mgeni ukimya, tunaujaza kwa "naam" na "ndiyo kabisa." Kwenye mazungumzo haya, mtu akinyamaza huku anautazama ukurasa, mwache. Hesabu moyoni hadi kumi.

Swali la ufuatizi ndilo linalolipa. Mwaka 1958 The Paris Review ilichapa mazungumzo ambayo mhariri wake, George Plimpton, alimhoji mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway. Hemingway alisema aliandika upya ukurasa wa mwisho wa riwaya yake mara 39. Mhoji mwingine angeshangaa tu na kuendelea. Plimpton akauliza tatizo lilikuwa nini hasa, ni kitu gani kilichomkwamisha. Jibu likaja kwa maneno machache: kuyapata maneno sawasawa. Bila swali lile la pili tungebaki na namba.

Kwa hiyo ukisikia "tulibadilisha," uliza "kutoka nini?" Ukisikia "tulikubaliana," uliza "nani alikubali mwisho?" Neno *tuli-* huficha mengi.

Sasa suala la heshima. Mara nyingi mmoja wao ni mkubwa kwa mwenzake kwa miaka ishirini, na mdogo hatambishia mkubwa mbele yako. Akimwita "Mwalimu" katika kila sentensi, atamkubalia kila kitu. Usimlazimishe. Rudi kwenye karatasi: "Naona hapa umeandika *hapana* mara mbili na kupigia mstari. Siku hiyo ulikuwa unafikiri nini?" Karatasi imeshabisha kwa niaba yake, yeye anaeleza tu. Na wewe pia, amkia kama unavyoamkia nyumbani. Shikamoo haizuii swali gumu. Inalifungulia njia.

Saa moja na nusu inatosha. Ukifunga, usizime kinasa sauti mpaka watu wameinuka, na waambie kwamba bado kinarekodi. Maneno mazuri huja wakati wa kuokota karatasi.

Hatua ya 6: Kunukuu

Saa moja ya sauti hunichukua saa nne hadi tano za kuandika, na hutoa maneno kama elfu sita. Programu za kunukuu kwa mashine zitakusaidia kupata rasimu ya kwanza, lakini hukosea majina, huichanganya lahaja, na mahali watu wawili wanapoongea kwa pamoja hutunga jambo ambalo halikusemwa. Sikiliza mwenyewe sauti yote, tangu mwanzo hadi mwisho, angalau mara moja. Weka alama ya dakika kila baada ya aya chache ili uweze kurudi.

Mara hii nukuu kila kitu, pamoja na vicheko na mikwamo. Usianze kupamba mapema.

Hatua ya 7: Kuhariri mazungumzo

Una maneno elfu tisa, jarida lina nafasi ya elfu tatu. Kata mada nzima nzima, usinyofoe kidogo kidogo kila mahali. Ukipunguza kila jibu kwa nusu, kila jibu litakuwa kilema. Ni afadhali ubaki na kurasa mbili zilizozungumzwa kwa kina kuliko tatu zilizoguswa.

Kisha njoo kwenye sentensi. Hivi ndivyo mwandishi wetu alivyosema kwenye sauti:

*Ee, yaani mimi ile… ile sentensi, unajua, nilikuwa nimeiandika, nini, siku ya msiba kabisa, yaani siku ileile, sasa yeye akaja akaniambia, sijui, akaniambia weka -ka-, mimi nikasema hapana bwana, hapana, kwa sababu… yaani huyu mama, si unaona, huyu mama hana haraka.*

Mhariri msaidizi wetu, kijana hodari aliyetoka chuo, aliigeuza hivi: *Niliiandika sentensi hiyo siku ya msiba. Mhariri alipendekeza matumizi ya kiambishi -ka-, lakini nilipinga kwa kuwa mhusika hana haraka.* Ni Kiswahili safi. Ila aliyesema ametoweka, amebaki mwandishi wa ripoti.

Tulichochapisha ni hiki: *Ile sentensi niliiandika siku ya msiba kabisa, siku ileile. Sasa yeye akaja akaniambia weka -ka-. Mimi nikasema hapana, bwana. Hapana. Huyu mama hana haraka.*

"Yaani," "nini" na "sijui" zimeondoka. Mwendo wake umebaki. Na tazama *akaja akaniambia*: mwandishi aliyeikataa -ka- katika hadithi anaitumia mwenyewe anaposimulia. Msomaji makini ataliona hilo, ataelewa kwamba kukataa kule hakukuwa kutojua. Toleo la kijana wetu lilikuwa limeufuta ushahidi huo.

Lahaja ni jambo ninaloliwekea mkazo kwa sababu nilikosea vibaya. Mshairi mmoja wa Mombasa alisema katika mazungumzo yetu, akieleza alivyokuwa akimsubiri mhariri alete prufu, nakala ya kukagua kabla ya kuchapwa: "Mato yangu yalikuwa ndiani." Niliandika "Macho yangu yalikuwa njiani," nikidhani namsaidia msomaji. Jarida lilipotoka alinipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, umenihamisha mji." Tuliyachapa mazungumzo yale upya katika toleo lililofuata, kwa maneno yake. Tangu siku hiyo sanifu haigusi kinywa cha mtu katika jarida letu. Msomaji asiyejua *mato* ataelewa kwa sentensi, na asipoelewa atauliza jirani.

Kuhusu ngeli: mtu akiteleza kwa haraka akasema "hii kitabu" na ukijua kwamba akiandika angeandika "kitabu hiki," rekebisha. Kama ndivyo anavyozungumza siku zote na ndivyo wahusika wake wanavyozungumza, acha, na umuulize. Mwandishi wa Nairobi akisema "nikadiliti aya nzima," iache. *Nikafuta* ni neno zuri, lakini hakulisema. Maneno ya Kiingereza yanayoingia kwa mazoea tu, hasa yale ya kuunganishia sentensi, ninayatoa bila majuto.

Usihamishe jibu likaenda chini ya swali tofauti. Unaweza kubadilisha mpangilio wa mada, kuleta mwanzo jambo lililosemwa mwisho, lakini swali na jibu lake vinasafiri pamoja. Na maswali yako yafupishe bila huruma. Ukiona swali lako lina mistari minne na jibu mistari miwili, basi mhojiwa ulikuwa wewe.

Hatua ya 8: Warudishie

Watumie wote wawili maandishi yaleyale, siku ileile, na uwape siku saba. Waambie wazi wanachoweza kufanya: kusahihisha ukweli, kuongeza uwazi pale palipo na giza, kuondoa jambo linaloweza kumuumiza mtu wa tatu. Waombe wasigeuze mazungumzo kuwa insha. Hata hivyo wapo watakaogeuza, maana mwandishi akiona maneno yake kwenye karatasi mkono unamwasha. Hapo mpigie simu, msomee alivyosema na alivyoandika, na muulize ni ipi sauti yake. Mara nyingi hurudi mwenyewe.

Mmoja akitaka kufuta jambo ambalo mwenzake amelijibu, lazima mwenzake ajue. Usifanye mabadiliko kwa siri upande wowote.

Hatua ya 9: Utangulizi na picha ya ukurasa

Utangulizi usizidi maneno mia mbili. Sema mlikutana wapi, mezani kulikuwa na karatasi gani, hadithi inahusu nini. Tuzo na orodha ya vitabu viende mwisho kwa herufi ndogo.

Chapisha picha ya ukurasa mmoja wa rasimu, wenye mwandiko wa mhariri pembeni, kwa ukubwa unaosomeka. Omba ruhusa ya maandishi kwa mwandishi, kwa mhariri, na kwa mchapishaji kama kazi imeshatoka kitabuni. Watu hununua toleo kwa ajili ya ile picha. Nimewaona wakisimama wameinama juu yake, wakifuata mishale kwa kidole.

Hatua ya 10: Hifadhi

Januari 2020 alifariki Euphrase Kezilahabi, na Aprili ya mwaka huohuo akafariki Ken Walibora. Katika miezi minne walituondoka watu wawili ambao kila mwandishi kijana wa Kiswahili angetamani kuwauliza kuhusu mstari fulani. Kwa hiyo usifute ile sauti hata kama umechapisha maneno elfu tatu tu. Yale elfu sita yaliyobaki yana thamani kwa mtafiti atakayekuja.

Weka faili la sauti mahali pawili tofauti, na nukuu kamili pamoja nalo. Andika kwenye jina la faili: kazi iliyozungumziwa, tarehe, nani yumo, dakika ngapi. Nakala nyingine itie kwenye flashi umpelekee mwandishi mwenyewe. Ikiwa kuna karatasi za asili ambazo bado ziko kwako, zirudishe siku hiyohiyo, kwa mpangilio uleule uliozipokea, ndani ya bahasha yake ya kaki, na ukurasa wenye doa la chai ukiwa mahali pake.